Nani Alipe Gharama ya Mfereji? Habari za Vyoo vya London

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja mbele ya wageni, nalo ni choo. Wala hatutasema habari za usafi peke yake, maana hizo mmekwisha kuzisikia shuleni na zahanatini. Twataka kuuliza swali jingine lililo gumu zaidi: shimo la choo linapojaa, au kuta zake zinapopasuka, nani alipe? Na mfereji wa maji machafu ukiletwa mpaka karibu na ua wa mtu, nani alipe gharama ya kuiunga nyumba yake na mfereji huo?

Swali hili si geni. Mji wa London, ambao katika karne ya 19 ulikuwa mkubwa kuliko miji yote ya dunia, ulishindwa kulijibu kwa muda wa miaka mingi, na kwa ajili hiyo watu walikufa kwa maelfu. Halafu ukapata jibu, na tangu hapo ugonjwa uliokuwa ukiwaua haukurudi tena kwa nguvu. Basi na tutazame jinsi mambo hayo yalivyokuwa.

Mashimo na watu wa usiku

Hapo kale nyumba nyingi za London zilikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali, ama uani ama chini ya nyumba yenyewe. Mifereji ya mji ilikuwako, lakini kazi yake ilikuwa kuchukua maji ya mvua tu. Mpaka mwaka 1815 ilikuwa ni kosa kwa sheria mtu kuelekeza uchafu wa choo chake katika mifereji hiyo. Shimo lilipojaa, mwenyeji aliwaita watu waliofanya kazi ya kupakua vyoo. Hao walikuja usiku na ndoo zao na magari yao ya farasi, wakapakua, wakaupeleka uchafu mashambani na kuwauzia wakulima kuwa mbolea.

Mpango huo ulikuwa na maana yake. Mwenyeji alitoa fedha, na mkulima naye alitoa fedha, hata mzigo ukawa umegawanyika. Walakini mambo matatu yaliuharibu. Kwanza, mji ulikua upesi mno. Mwaka 1801 London ilikuwa na watu kadiri ya milioni moja, na mwaka 1851 walikuwa wamepita milioni mbili. Mashamba yakawa mbali, na safari ya gari ikawa ghali. Pili, tangu miaka ya 1840 wakulima wa Uingereza walianza kununua mbolea ya mavi ya ndege iliyoletwa kwa meli kutoka Peru, nayo mbolea ya London ikapungua bei. Tatu, vilizuka vyoo vya maji. Alexander Cumming alipata hati ya kuvitengeneza mwaka 1775, na Joseph Bramah mwaka 1778, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 vikaenea katika nyumba za wenye mali. Choo cha maji ni safi ndani ya nyumba, lakini humwaga maji mengi kila mara kinapotumiwa, na yale mashimo ya matofali hayakujengwa kwa wingi huo wa maji. Yakafurika.

Hivyo gharama yote ya kupakua ikamwangukia mwenyeji peke yake, tena mara kwa mara kuliko zamani. Mwaka 1842 Edwin Chadwick, aliyekuwa mtumishi wa serikali, alitoa taarifa kubwa juu ya afya ya watu wa kazi katika Uingereza. Alionyesha kwamba katika London kupakua shimo moja kuligharimu yapata paundi 1, yaani shilingi 20. Kibarua wa siku zile aghalabu hakupata shilingi 20 kwa kazi ya juma zima, na kabla juma halijaisha alikuwa tayari na deni dukani. Je, mtu wa namna hiyo atoe wapi paundi nzima kwa siku moja?

Haya yatupasa kuyafikiri sana. Wenye mali wa siku zile walipenda kusema kwamba maskini hukaa na uchafu kwa sababu ya uvivu na ujinga. Taarifa ya Chadwick ilionyesha sababu nyingine iliyo wazi, nayo ni bei. Tena nyumba nyingi za maskini zilikuwa za kupanga. Mwenye nyumba hakukaa humo, wala hakusikia harufu yake; mpangaji naye hakuona sababu ya kutengeneza mali isiyokuwa yake. Kila mmoja akamtazama mwenziwe, na shimo likazidi kujaa.

Kisima cha Broad Street

Mnamo mwaka 1848 wakubwa wa mifereji ya London walianza kuamuru mashimo yafungwe, na nyumba ziungwe na mifereji ya barabarani. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi, nayo nusu ya pili haikufanywa. Mifereji yote iliingia katika mto Thames, na watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Katika miaka ya 1848 na 1849 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 14,000 katika London.

Kikarudi mwaka 1854. Mwisho wa mwezi wa Agosti kililipuka katika mtaa wa Soho, kando ya njia iliyoitwa Broad Street, na kwa muda wa majuma machache watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza wafiwa walikunywa maji ya wapi, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya bomba la kisima kimoja. Tarehe 8 Septemba, kwa shauri lake, mkono wa bomba ukaondolewa. Wakati ule wakubwa wengi walidhani kipindupindu huletwa na harufu mbaya, wasiamini maneno yake.

Padre mmoja wa mtaa ule, Henry Whitehead, naye hakuamini. Akaanza kuuliza mwenyewe ili aonyeshe kwamba daktari amekosea, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba daktari amesema kweli. Aligundua kwamba katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na kisima palikuwa na mtoto mchanga aliyeugua tumbo kabla ya wengine, na mama yake alizifua nguo zake na kuyamwaga maji yake katika shimo la nyumba. Mwaka 1855 mahali pale pakachimbwa. Ikaonekana kwamba matofali ya shimo yalikuwa yameoza na kulegea, na uchafu ulikuwa ukipenya udongoni. Toka shimo mpaka kisima hapakufika futi 3.

Tafadhali, wasikilizaji, litazameni jambo hili kwa makini. Shimo lile lilikuwa la nyumba moja, na ufa wake ulikuwa ufa wa nyumba moja. Fundi mmoja mwenye matofali na chokaa angaliweza kuliziba kwa kazi ya siku chache. Lakini hasara yake haikukaa katika nyumba ile. Ilitembea chini ya ardhi, ikaingia katika maji ya mtaa mzima. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Broad Street haukuwa ukuta uliojengwa, bali yalichimbwa makaburi. Kwa hiyo neno lile, “choo changu ni shauri langu,” si neno la kweli. Na kama hatari ya shimo bovu ni ya wote, basi gharama ya kulitengeneza nayo yawahusu wote kwa sehemu.

Peni tatu katika kila paundi

Palikuwa na injinia hodari aliyeitwa Joseph Bazalgette. Tangu mwaka 1856 alifanya kazi katika halmashauri mpya iliyosimamia kazi za mji mzima, naye alikuwa na mpango tayari. Alitaka kujenga mifereji mikubwa sambamba na mto, kaskazini na kusini, iyapokee maji machafu kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, mbali na mji. Lakini watu waligombana. Wengine waliuliza mifereji iishie wapi. Wengine waliuliza fedha itoke kwa nani. Miaka miwili ikapita kwa maneno matupu.

Halafu likaja joto kali la mwaka 1858. Mto Thames ulinuka hata Bunge, ambalo nyumba yake iko ukingoni, likashindwa kufanya kazi. Mapazia yake yalilowekwa katika dawa ya chokaa ili kuzuia harufu, wala haikufaa kitu. Ndipo wabunge walipofahamu yale ambayo maskini wa Soho waliyafahamu zamani. Katika muda wa siku 18 tu sheria ikaandikwa na kupitishwa.

Wanafunzi mtaifahamu zaidi mkipiga hesabu pamoja nasi. Sheria ile iliiruhusu halmashauri kukopa paundi milioni 3, na hazina ya serikali ikawa mdhamini wa deni hilo. Ili kulilipa, nyumba za London zilitozwa kodi ya peni 3 katika kila paundi ya thamani ya kodi ya nyumba kwa mwaka, kwa muda wa miaka 40. Siku zile paundi 1 ilikuwa na peni 240. Basi tuseme nyumba ilihesabiwa kuwa na thamani ya paundi 20 kwa mwaka. Ishirini mara tatu ni peni 60, yaani shilingi 5 kwa mwaka. Zigawanyeni kwa majuma 52: ni peni 1 na kidogo kwa juma.

Linganisheni sasa hesabu hizi mbili. Upande mmoja ni shilingi 20 zitakiwazo kwa siku moja, shimo linapojaa, nazo zaweza kutakiwa tena baada ya muda si mrefu. Upande wa pili ni peni 1 na kidogo kwa juma. Ile ya kwanza ilimshinda maskini, akaacha uchafu ufurike. Ile ya pili ililipwa, na mifereji ikajengwa. Mzigo wenyewe haukuwa umepungua, maana kazi yote hatimaye iligharimu paundi milioni 4 na zaidi. Ila ulikuwa umegawanywa mara mbili: kwanza kati ya nyumba zote za mji, na pili kati ya miaka mingi, hata watoto waliozaliwa baadaye, ambao nao wangeitumia mifereji ile, wakachukua sehemu yao ya deni.

Mifereji mikuu iliyojengwa ilikuwa na urefu wa maili 82, na matofali yake yalihesabiwa kuwa milioni 318. Mwaka 1865 mitambo ya kusukuma maji ya upande wa kusini ilifunguliwa huko Crossness, na mwaka 1868 ile ya Abbey Mills upande wa kaskazini. Kazi yote ilimalizika mwaka 1875.

Hata hivyo mfereji mkuu peke yake haumfai mtu ambaye nyumba yake haikuungwa nao. Kwa habari hii sheria za Uingereza za afya, ya mwaka 1848 na tena ya mwaka 1875, zilikuwa na shauri jema kwa miji mingine. Kama mfereji umepita kadiri ya futi 100 kutoka kwenye nyumba, baraza la mji liliweza kumwamuru mwenye nyumba aiunge. Asipofanya, baraza liliweza kuifanya kazi lenyewe, kisha kuirudisha gharama yake kidogo kidogo pamoja na faida, kwa muda usiopita miaka 30. Na mpangaji aliyetozwa kodi hiyo aliweza kukata sehemu yake katika kodi ya pango, kwa kuwa mfereji ni mali inayobaki na nyumba, wala mpangaji hataubeba akihama. Hivyo lile shauri la kutazamana kati ya mwenye nyumba na mpangaji likakatwa.

Je, gharama ile iliwafaa? Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imekwisha kupata mifereji mipya, lakini mashariki ya mji kazi haikuwa imemalizika. Huko mashariki watu zaidi ya 5,500 walikufa, na sehemu nyingine ziliokoka zaidi. Tangu mwaka huo London haikuona tena mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Hata mwaka 1892, ugonjwa ulipoua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, London ilisalimika.

Pasipo na mfereji

Labda mtu atasema, “London ilikuwa na hazina ya kuidhamini, sisi hatuna mfereji wala mdhamini.” Ni neno la haki. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki nyumba nyingi, hata mijini, hazikuungwa na mfereji wowote. Zatumia shimo la choo, au karo.

Karo si shimo tupu. Ni chombo kilichojengwa chini ya ardhi, kisichovuja. Uchafu mzito huzama chini, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa huula uchafu ule polepole. Maji ya katikati hutoka na kuingia katika shimo la pili, nayo ardhi huyanywa. Jean-Louis Mouras wa Vesoul, Ufaransa, alipata hati ya chombo cha namna hii mwaka 1881, na mnamo mwaka 1896 Donald Cameron akajenga kikubwa katika mji wa Exeter, Uingereza. Ni chombo kizuri, lakini kina sharti lake: tope linalobaki chini halina budi kuondolewa kila baada ya miaka kadhaa, na nyufa hazina budi kuzibwa. Tope lisipoondolewa hupita na maji mpaka shimo la pili, likaziba matundu ya udongo, na hapo karo zima hufa. Basi mwenye karo ana gharama inayokuja kwa vipindi, kubwa kwa siku moja, kama ile paundi ya London. Twajua wanaoshindwa na gharama hiyo hufanya nini. Hungoja mvua kubwa, wakalitoboa shimo, uchafu ukachukuliwa na maji ya mvua. Watu wa Dar es Salaam huita jambo hilo “kutapisha choo.” Aliyetapisha hakuiepuka gharama, amempelekea jirani wa bondeni. Wala kipindupindu si habari za kale tu, maana mwezi wa Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingine ya Tanzania.

Kwa hiyo na tuwatazame watu wengine waliokuwa maskini kama sisi. Katika mji wa Karachi, nchi ya Pakistan, upo mtaa mkubwa uitwao Orangi, uliojengwa na watu wenyewe pasipo mpango wa serikali. Maji machafu yalipita vichochoroni, na watu walikuwa wakingoja serikali iwaletee mifereji bure. Mwaka 1980 mzee aliyeitwa Akhter Hameed Khan alianza kazi kati yao. Hakuwapa fedha. Aliwapa mafundi wa kupima ardhi, michoro, vyombo vya kazi na mashauri. Watu wa kila kichochoro, nyumba 20 au zaidi, walimchagua mtu wanayemwamini, naye akakusanya sehemu ya kila nyumba. Wakachimba wenyewe, wakalaza mabomba, kila nyumba ikaungwa. Gharama ilikuwa yapata rupia 1,000 kwa nyumba, nayo ilikuwa ndogo mara kadhaa kuliko ile waliyotaka wakandarasi. Mifereji mikuu iliachiwa serikali, kwa kuwa hiyo yapita nguvu za kichochoro. Makumi elfu ya nyumba ziliungwa kwa njia hiyo.

Tazameni, London na Orangi hazifanani kwa mali wala kwa desturi, lakini ziliifuata kanuni moja. Gharama ya maji machafu humshinda mtu mmoja kwa siku moja. Haiwashindi majirani wengi kwa siku nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, ndugu zetu, hatuna haja ya kungoja mpaka shimo lifurike ndipo tulie. Nyumba 10 au 20 zilizo karibu karibu zaweza kuwa na sanduku moja, mweka hazina mmoja anayeaminiwa, na daftari linalosomwa mbele ya wote. Kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, na zamu ya kupakua au kutengeneza ifuate uchakavu wa shimo, wala isifuate ukubwa wa mwenyewe. Mwenye nyumba na mpangaji waandikiane mapema nani atoe nini, kabla ugomvi haujazuka. Na mfereji ukiletwa mtaani, kabla ya kuukataa kwa sababu ya gharama ya kuunga, na tuwaulize wakubwa kama gharama hiyo yaweza kulipwa kwa mafungu. Hilo si ombi la aibu. Ndivyo miji ya Uingereza ilivyojengewa mifereji yake.

Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani pimeni kwa hatua kutoka chooni mpaka kisimani, mtazame na kuta za shimo kama zina ufa. Mkiuona, waambieni wazee wenu kwa adabu, na wazee wasidharau neno la mtoto. Katika Broad Street uliwatosha ufa mmoja ambao hakuna aliyeutazama mpaka watu 600 walipokwisha kuzikwa.